Joseph Lister: Daktari aliyeumbua wodi yake kwa hesabu

MFANYABIASHARA anayevuka Mutukula au Rusumo na magunia yake hanunui kitu bila kukipima. Ataangalia mzani, ataulizia bei ya upande wa pili, ataingiza mkono ndani ya gunia kuona kama maharage ya chini ni sawa na ya juu. Lakini siku ndugu yake anapohitaji kupasuliwa, na ukoo unajadiliana apelekwe hospitali ya upande huu au ya upande ule wa mpaka, kinachoangaliwa ni ukubwa wa jengo, rangi ya ukuta na sifa za daktari.

Ni mara chache mtu huuliza swali ambalo lingemfaa kuliko yote: kati ya watu mia moja waliopasuliwa pale, wangapi vidonda vyao viliingia usaha baadaye?

Swali hilo lilizua ugomvi mkubwa huko Scotland zaidi ya miaka 150 iliyopita, na aliyeuzua alikuwa mtu mpole, mwoga wa mabishano na mwenye kigugumizi kinachomjia anapohangaika. Jina lake ni Joseph Lister. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya dawa moja ya kusukutua kinywa inayouzwa madukani, ambayo ilipewa jina kwa heshima yake ingawa hakuitengeneza yeye.

Lister alizaliwa Aprili 5, 1827 katika kijiji cha Upton, mkoa wa Essex, karibu na London. Familia yake ilikuwa ya dhehebu la Marafiki, maarufu kama Quaker, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya na pia Burundi. Wakati huo waumini wake walifungiwa milango ya vyuo vikuu vikongwe vya Uingereza, hivyo kijana huyo akasoma Chuo Kikuu cha London.

Baba yake, Joseph Jackson Lister, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Biashara ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vioo vya hadubini, chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Alirekebisha vioo hivyo hadi picha ikatoka safi, bila ukungu wa rangi pembeni. Mtoto akakulia nyumba ambayo kuchungulia vitu vidogo lilikuwa jambo la kila siku, na hilo lilikuja kumfaa sana baadaye.

Mwaka 1846, alipokuwa mwanafunzi, upasuaji wa kwanza mkubwa wa Uingereza kwa kutumia dawa ya usingizi ulifanyika hospitali ya chuo chake, na inasemekana alikuwamo miongoni mwa waliotazama. Maumivu ya kisu yakawa yamepata dawa. Watu wakashangilia, kisha wakagundua jambo la kutisha. Kwa kuwa mgonjwa sasa alilala kimya, madaktari walipasua zaidi na kwa undani zaidi, na waliokufa kwa kuoza vidonda wakaongezeka.

Daktari wa zama hizo alivaa koti kuukuu lililokakamaa kwa damu ya wagonjwa waliopita, na kadiri lilivyokakamaa ndivyo alivyoonekana mzoefu. Alitoka chumba cha maiti akaingia wodini bila kunawa. Kisu kilifutwa tu kwa kitambaa. Kidonda kikitoa usaha mzito mweupe, wakubwa walisema ni dalili njema. Kuoza kwenyewe kulilaumiwa hewa chafu, na tiba ikawa kufungua madirisha.

Lister alipata shahada ya udaktari mwaka 1852, akaenda Edinburgh kujifunza kwa James Syme, bingwa wa upasuaji aliyetamba Scotland nzima. Alikwenda kwa muda mfupi tu. Akabaki, na mwaka 1856 akamwoa binti wa Syme, Agnes. Kwa kuwa Agnes hakuwa wa dhehebu lake, Lister alilazimika kuachana na Marafiki. Fungate yao waliitumia kutembelea hospitali za Ulaya. Hawakujaaliwa watoto, lakini kwa miaka yote ya ndoa Agnes alikuwa msaidizi wake katika majaribio na mwandishi wa madaftari yake. Bila madaftari hayo sehemu kubwa ya habari hii isingekuwapo.

Wodi juu ya makaburi

Mwaka 1860 aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka uliofuata akakabidhiwa wodi katika hospitali kuu ya mji huo, Royal Infirmary. Jengo la upasuaji lilikuwa jipya na la kisasa. Wakubwa wa hospitali walijivunia jengo hilo.

Ndani yake watu waliteketea. Glasgow ulikuwa mji wa viwanda, na kila siku waliletwa watu waliovunjwa na mashine au kukanyagwa na mikokoteni. Mfupa ukivunjika ndani kwa ndani bila kutoboa ngozi, mgonjwa alipona. Ukitoboa ngozi, hata kidogo, kidonda kilioza, na mara nyingi mguu ulikatwa ili kuokoa maisha. Kisha kidonda cha kukatwa nacho kikaoza.

Tofauti hiyo kati ya ngozi iliyotoboka na isiyotoboka ilimkosesha Lister usingizi. Hewa ya wodi ni ile ile na chakula ni kile kile. Kwa nini mmoja apone na mwenzake aoze?

Jibu lilitokea Ufaransa. Mwaka 1865 mwalimu mwenzake wa kemia, Thomas Anderson, alimwelekeza kwenye maandishi ya Louis Pasteur, aliyekuwa ameonyesha kwamba mvinyo na maziwa haviharibiki vyenyewe, bali kwa kazi ya viumbe hai vidogo mno. Mtoto wa muuza mvinyo aliyekulia kwenye hadubini alielewa mara moja. Kama vijidudu ndivyo vinavyoharibu mvinyo, basi ndivyo vinavyooza nyama ya mtu. Vizuiwe visiingie.

Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle ulitumia asidi ya kaboliki, dawa itokanayo na lami ya makaa ya mawe, kuondoa harufu ya maji machafu yaliyomwagwa mashambani, na kwamba ng'ombe waliolishwa hapo waliacha kuugua minyoo. Akaamua kuijaribu dawa hiyo kwenye jeraha. Jaribio la kwanza, mapema mwaka 1865, lilishindwa.

Agosti 12 mwaka huo aliletwa mvulana wa miaka 11, James Greenlees, aliyekanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa ukatoboa ngozi. Lister alikisafisha kidonda kwa kaboliki na kukifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa hiyo. Siku ya nne alifungua bendeji. Hakukuwa na usaha wala harufu. Baada ya wiki sita mtoto alitoka hospitalini na mguu wake.

Mwaka 1867 Lister alichapisha habari za wagonjwa 11 wa aina hiyo katika jarida la Lancet. Tisa walipona na viungo vyao, mmoja alikatwa mguu, mmoja alifariki. Agosti mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Dublin kwamba kwa miezi tisa wodi zake hazikuwa na mgonjwa hata mmoja wa donda ndugu la hospitali wala wa sumu ya damu.

Mapokezi yalikuwa baridi. James Young Simpson wa Edinburgh, yule aliyeanzisha klorofomu kwa wanawake wanaojifungua, alisema Wafaransa walishaitumia kaboliki kabla yake. Mzee huyo alikuwa na hesabu zake mwenyewe. Aliwaandikia madaktari wa vijijini na kukusanya taarifa za watu waliokatwa mikono au miguu. Mwaka 1869 alionyesha kwamba kati ya 2,098 waliokatwa vijijini, wengi wao wakiwa majumbani kwao, walikufa 226. Kati ya 2,089 waliokatwa katika hospitali kubwa walikufa 855. Yaani mtu alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi akikatwa mguu nyumbani kwake kuliko katika hospitali kubwa yenye maprofesa.

Ilikuwa hesabu ya kutisha, na Simpson alitaka hospitali kubwa zivunjwe, vijengwe vibanda vidogo vidogo. Wapinzani wake walisema wagonjwa wa kijijini na wa mjini si sawa, maana hospitali kubwa hupokea waliosagika zaidi. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, na hadi leo ndiyo kinga ya kwanza ya kila hospitali ya rufaa inayoulizwa kuhusu vifo vyake.

Nguvu ya Lister ilikuwa hapo. Yeye hakulinganisha mji na kijiji. Alilinganisha wodi ile ile, ukuta ule ule, daktari yule yule, kabla na baada.

Januari 1870, akiwa ameshahamia Edinburgh kurithi nafasi ya baba mkwe wake, alichapisha hesabu hiyo. Kabla ya kutumia kaboliki alikuwa amekata viungo vya watu 35 na kati yao 16 walikufa, sawa na asilimia 46. Tangu 1867 hadi 1869, akitumia dawa, aliwakata watu 40 na sita wakafa, sawa na asilimia 15. Mwenyewe alikiri kwamba idadi hizo ni ndogo mno kwa hesabu kamili. Hata hivyo, alieleza mazingira bila kuficha: nje tu ya ukuta wa wodi, inchi chache chini ya udongo, yalikuwapo majeneza ya waliokufa kwa kipindupindu mwaka 1849. Akaongeza kwamba wodi jirani, iliyotenganishwa na yake kwa ukumbi wa upana wa futi 12 tu, ilibidi ifungwe kwa wingi wa vifo wakati yake ilikuwa salama.

Wakurugenzi wa hospitali ya Glasgow waliwaka. Walipeleka barua gazetini kukana kwamba hospitali yao iliwahi kuwa mahali pa hatari, na kusema kama kuna nafuu, imeletwa na hewa safi, chakula bora na wauguzi wazuri. Kwao kosa la Lister halikuwa kwamba watu walikufa. Kosa lilikuwa kusema idadi yao hadharani.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ukurasa ule wa 1870 una uzito kuliko chupa ya kaboliki. Dawa yenyewe iliachwa baadaye. Kilichobaki ni desturi ya kuifungua hospitali kama gunia na kuangalia maharage ya chini.

Sifa zikatoka nje kwanza

Mwaka 1871 alimpasua Malkia Victoria jipu la kwapani huko Balmoral, huku msaidizi akipuliza mvuke wa kaboliki hewani. Malkia akapona.

Wajerumani walimwelewa mapema kuliko Waingereza. Hospitali ya Munich ya Profesa Nussbaum ilikuwa imefikia pabaya, kiasi kwamba mwaka 1874 wanane kati ya kila wagonjwa kumi wenye vidonda walipata donda ndugu. Nussbaum alimtuma msaidizi wake kwa Lister, akaanza kutumia utaratibu wake mwaka 1875, na donda ndugu likatoweka. Lister alipozuru Ujerumani mwaka huo alipokewa kama mfalme.

Marekani ilikuwa hadithi nyingine. Alikwenda Philadelphia mwaka 1876 kuwashawishi, wengi wakasikiliza kwa adabu na kurudi kwenye mazoea yao. Miaka mitano baadaye, Julai 2, 1881, Rais James Garfield alipigwa risasi mjini Washington. Madaktari waliitafuta risasi kwa vidole na vyuma visivyosafishwa. Usaha ukasambaa mwilini, na Septemba 19 rais akafariki.

Mpenzi msomaji asidhani kwamba elimu ya kusafisha jeraha ilikuwa Ulaya peke yake. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa amesomea udaktari Edinburgh, alipita Bunyoro, Uganda ya leo. Mahali paitwapo Kahura alishuhudia mganga akimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mganga huyo aliinawisha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi, akaziba mishipa ya damu kwa chuma cha moto, kisha akafunga kidonda kwa pini za chuma na nyuzi za magome. Felkin aliandika mwaka 1884 kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona na mtoto alikuwa hai. Ni habari ya mgonjwa mmoja tu, na hatujui wengine walikuwaje. Lakini mwaka ule zilikuwapo hospitali za Ulaya ambazo mpasuaji hakunawa kabisa.

Lister alihamia hospitali ya King's College, London, mwaka 1877. Jiji lilimpokea kwa mashaka na madarasa yake yalikuwa karibu matupu. Oktoba mwaka huo alifungua goti la mtu aliyevunjika mfupa wa gotini, akaunganisha vipande kwa waya wa fedha. Kufungua goti zima wakati huo kulionekana kama kumhukumu mgonjwa kifo. Mgonjwa alipona.

Wapinzani walitaka takwimu, na hapa Lister anastahili lawama kidogo. Hakuwa mpenzi wa majedwali. Aliamini anayeona kidonda kikavu hahitaji kuhesabiwa, akaacha kutoa hesabu kamili ya kazi zake za London. Wakati huo huo Lawson Tait wa Birmingham alikuwa akipasua matumbo ya wanawake bila kaboliki, kwa usafi wa maji na sabuni tu, na kutangaza vifo vyake vichache kwa majigambo. Tait hakuiamini nadharia ya vijidudu, lakini namba zake zilikuwa nzuri. Ndiyo tabia ya namba: haziulizi mwenye nazo anaamini nini. Ziliwalazimisha watu wakiri kwamba usafi wenyewe ndio uliookoa, hata bila kupuliza dawa hewani.

Mwaka 1890, mbele ya mkutano mkubwa mjini Berlin, Lister alitangaza kuachana na mvuke wake wa kaboliki, akikiri kuona haya kwamba aliwahi kuupendekeza. Kufikia wakati huo Wajerumani walikuwa wameanza kuchemsha vyombo na kufukiza nguo za upasuaji kwa mvuke wa maji, njia inayotumika hadi leo.

Hesabu hiyo kwetu

Katika ukanda wetu kazi ya namna hiyo imefanyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia upasuaji 4,322 katika hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Mwanzoni, wagonjwa wanane kati ya kila 100 walipata maambukizi kwenye kidonda. Zikaanza hatua za kawaida: mgonjwa aoge kabla, asinyolewe kwa wembe, ngozi ipakwe dawa yenye spiriti, wapasuaji wasafishe mikono sawasawa, antibiotiki itolewe kabla ya kisu na si kwa siku nyingi baadaye, mlango wa chumba cha upasuaji usifunguliwe ovyo. Maambukizi yakashuka hadi chini ya wanne kati ya 100. Ni mtindo ule ule wa Glasgow, kabla na baada.

Ugumu uko kwenye kuhesabu kwenyewe. Usaha mara nyingi hutokea mgonjwa akiwa ameshatoka, ndiyo maana wataalamu hufuatilia kidonda kwa siku 30. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa huruhusiwa baada ya siku chache. Akiwa amevuka mpaka kurudi kwao na kidonda kikafumuka siku ya tisa, ataingia zahanati iliyo karibu. Hospitali iliyompasua itamwandika kuwa amepona, na zahanati itamwandika kuwa ana kidonda. Hakuna daftari litakaloziunganisha habari hizo mbili. Hospitali inayowapigia simu wagonjwa wake mwezi mzima itapata idadi kubwa ya maambukizi kuliko jirani yake asiyeuliza, na kwa asiyejua itaonekana ndiyo mbaya, kama ilivyoonekana wodi ya Lister kwa wakurugenzi wake.

Kwa hiyo anayempeleka ndugu yake kupasuliwa ng'ambo ana haki ya kuuliza kama vidonda vinahesabiwa, kwa siku ngapi, na nani atapokea simu kidonda kikibadilika. Muuguzi anayejibu maswali hayo bila kukunja uso ni dalili nzuri kuliko vigae vya sakafuni.

Lister alipewa cheo cha baroneti mwaka 1883 na kufanywa lodi mwaka 1897. Agnes hakuiona heshima hiyo ya pili. Alifariki kwa nimonia mwaka 1893 wakiwa likizoni Rapallo, Italia, na mumewe akapoteza hamu ya kazi. Mwaka 1902, Mfalme Edward wa Saba alipougua ugonjwa wa kidole tumbo siku chache kabla ya kutawazwa, madaktari walimtaka ushauri mzee huyo kabla ya kupasua. Mfalme alipona na kutawazwa Agosti mwaka huo.

Joseph Lister alifariki Februari 10, 1912 huko Walmer, Kent, akiwa na miaka 84. Serikali ilikuwa tayari azikwe katika kanisa la Westminster Abbey pamoja na wafalme, lakini mwenyewe alikuwa ameagiza alazwe kando ya mkewe katika makaburi ya West Hampstead, na ndiko alikozikwa baada ya ibada kanisani hapo. Jengo la wodi zake Glasgow lilibomolewa mwaka 1924, wakati mji huo ulikuwa umeshaanza kujivunia kwamba aliwahi kufanya kazi pale.